Ombi la Bichage siku ya Sabato

Asiya, acha wateja kidogo usome hii. Bichage amemuuza Moraa.

Ndiyo, Bichage. Mzee wa kanisa, aliyemfundisha kemia.

Leo ndio walikuwa wanaamua kama Moraa atapewa hataza, ile haki ya mvumbuzi, ya kile kifaa chake cha kupima zebaki kwa maji ya migodi huko Migori. Kikao cha mtandaoni. Moraa alikaa hapa kwangu Homa Bay akitabasamu, maana ni yeye mwenyewe aliomba Bichage aitwe kama mtaalamu.

Afisa akauliza: kufunika elektrodi, ile ncha inayopima, kwa ngozi ya kibofu cha samaki mbuta ili tope lisishike, mtu wa kazi hii angelifikiria hilo? Likiwa jambo dhahiri, Moraa hapati kitu.

Bichage akakohoa. "Ni dhahiri. Mwanafunzi wangu yeyote angelifikiria."

Yeyote, Asiya. Yeyote.

Moraa alidhani mtandao umekwama. "Mwalimu, hebu rudia." Akarudia vilevile, macho kando. Halafu wakili wa kampuni inayompinga akamshukuru: "Asante, mshauri wetu."

Mshauri wao.

Wewe hukuwepo ile Sabato ya kushukuru kwa ajili ya hicho kifaa. Bichage alimwekea Moraa mkono kichwani mbele ya kanisa lote, akaomba: "Asante Mungu kwa kumfunulia binti yetu jambo ambalo sisi tuliosoma hatukuliona."

Siku hiyo Moraa alilia. Leo hajalia. Amefunga kompyuta, ananiuliza tu: kati ya Mungu na yule afisa, Bichage alimdanganya nani?