Niliwaambia Wangoje Mpaka Baada ya Marathoni

Jumatatu, saa tano asubuhi. Kisumu kuna manyunyu ya kivivu tangu alfajiri, nami nimelala chali, miguu nimeiinua juu ya mito miwili. Kushuka ngazi siwezi. Nimempigia mwalimu mkuu kuomba ruhusa ya siku moja, akacheka na kuniambia, "Pumzika, bingwa." Bingwa! Nilimaliza wa tatu kutoka mwisho, na mmoja wa wale wawili waliokuwa nyuma yangu ni mzee wa umri wa babangu aliyekuwa akisimama kusalimiana na kila mtu anayemjua.

Lakini nilimaliza. Kilomita arobaini na mbili, mimi mwalimu wa Kiswahili, ambaye tangu utotoni nimekimbia mvua tu. Kwenye chumba cha walimu walinitania miezi yote: sisi Wajaluo tunajua mpira na siasa, mbio tuwaachie watu wa Eldoret. Niliwaambia watanitambua.

Leo nataka kusema ukweli hapa, maana kwingine kote nimedanganya.

Mnaosoma shajara hii mnajua nilikuwa nachangisha kwa ajili ya nini. Kuna kikundi cha akina mama wachuuzi kule Luanda Kotieno wanaotaka kila boti ya abiria iwe na zile jaketi za rangi ya machungwa za kuokolea watu. Na wengi mnajua kwa nini nilijitolea. Miezi minane iliyopita mume wangu, Ouma, fundi wa friji, aliitwa Mbita kwenda kutengeneza friza za samaki. Alipofika Luanda Kotieno alikuta feri imeshaondoka. Ouma hakupenda kumngojesha mteja. Akapanda boti ndogo.

Upepo uliwakuta katikati. Walikuwa watu watano. Wanne waliing'ang'ania boti iliyopinduka mpaka wavuvi wakawafikia. Wa tano alikuwa Ouma.

Hakujua kuogelea. Kwao ni Pap Onditi, watu wa mashamba na ng'ombe, na mimi nilizoea kumtania kwamba yeye ni Mjaluo wa nchi kavu, samaki anamjua kwa sahani tu. Alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Mzaha huo sijausamehe mdomo wangu.

Hatukumpata. Wazamiaji walitafuta wiki nzima, wavuvi wakaongeza wiki mbili kwa hiari yao, halafu kila mtu akarudi kwenye kazi yake. Siwalaumu.

Sasa, kwetu mtu akipotelea majini asipatikane, haachwi hivyo hivyo. Wazee huchuma yago, lile tunda refu, zito, la rangi ya kijivu, linaloning'inia mtini kwa kamba yake. Hulilaza ndani ya jeneza, na tunda hilo huzikwa badala ya mwili, kwa maombi na kilio na chakula cha wageni, bila kupunguza chochote. Likishaingia ardhini, basi, mtu amekufa. Ana kaburi, ana mahali pake nyumbani, na walio hai wanaruhusiwa kuendelea.

Wazee wa Pap Onditi wamekuwa tayari siku nyingi. Waliyekuwa wakimngoja ni mimi, kwa sababu hawawezi kumzika mtu na mkewe hayupo.

Mama mkwe wangu hunipigia kila Jumapili akitoka kanisani. Yeye huniita Nyar Alego, binti wa Alego, kwa sababu huko ndiko walikonitoa. "Nyar Alego, umekula? Atieno anaendelea aje?" Ninamjibu kuhusu mjukuu wake, shule, kikohozi. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, anasema, "Wazee wanauliza."

Nami namjibu, "Mama, waambie wangoje mpaka baada ya marathoni."

Nani angebishana na hilo? Ni jambo la hisani. Ni la kuokoa watoto wa watu. Hata mchungaji aliniombea mbele ya waumini. Nilijificha nyuma ya kitu kizuri, na hakuna aliyediriki kunitoa hapo.

Huo ni uongo wa kwanza. Wa pili ni mkubwa zaidi.

Aliyekuwa akinifundisha mbio ni Hamisi, mwalimu wa michezo shuleni kwetu, mzaliwa wa mji huu huu, mtu wa swala tano na maneno mengi. Alinichorea ratiba kwenye karatasi ya mtihani. Jumanne vilima vya Riat. Alhamisi barabara ya Kisian. Jumamosi mbio ndefu, kwenda mpaka upumue kwa masikio. Marathoni yenyewe, alinikumbusha, ingetoka uwanjani mjini, ipande barabara ya Maseno, igeuke karibu na Maseno na kurudi. Ni kilima mama yake kilima.

Ratiba ile sikuifuata hata wiki moja. Kila alfajiri nilivaa raba zangu nikateremkia ziwani. Dunga leo, kesho upande wa Usoma, kesho kutwa kila njia ya mbuzi inayopita karibu na maji. Na kila mahali gugumaji liliporundikana, nilisimama.

"Mwalimu," Hamisi alinifokea siku moja, "hii ni mbio ama ni ukaguzi? Unasimama kila mahali kama askari wa trafiki! Vilima utavijulia wapi?"

Nilimwambia magoti yangu hayapendi vilima.

Nilikuwa namtafuta mume wangu.

Nimeliandika. Nimelifuta mara mbili, nimeliandika tena. Sikuwa nafanya mazoezi ya marathoni. Nilikuwa natembelea ufuo mzima wa Kisumu nikichungulia ndani ya magugu, na mbio zilinipa sababu ya kuwa pale bila watu kuniita mwendawazimu. Mwanamke aliyevaa raba na kaptura anayetazama maji ni mwanariadha anayevuta pumzi. Mwanamke aliyevaa leso anayetazama maji, watu wanamwita shemeji yake aje amchukue.

Mvuvi mmoja wa Dunga alinishtukia. Alikuwa akikunja nyavu, akaniambia bila kuinua macho, "Mama, maji ya kule hayaleti mtu huku. Enda nyumbani." Nilimwambia mimi ni mkimbiaji. Akasema sawa.

Nilijua. Mimi si mjinga. Kutoka Luanda Kotieno hadi hapa ni mbali, na baada ya miezi hiyo yote hakuna ambacho ningeweza kukikuta na kukiita Ouma. Kuna asubuhi niliomba nimwone. Kuna asubuhi, Mungu anisamehe, niliomba nisimwone, kwa sababu nisipomwona naweza kurudi kesho.

Halafu kukawa na ile siku ya kitambaa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, upepo ukasukuma gugumaji mpaka ufuoni. Ndani yake niliona kitu cha bluu. Ovaroli ya Ouma ilikuwa ya bluu. Sikufikiri. Niliingia na raba zangu, maji yakafika magotini, kiunoni, kifuani, nikisukuma yale majani kwa mikono miwili. Hamisi, ambaye siku hiyo alikuwa ameamua kuja kunichunga, alinifuata akipiga kelele kwamba mimi pia siogelei. Ni kweli. Siogelei. Nilikishika kile kitu, nikakivuta. Kilikuwa kipande cha turubai.

Alinikokota mpaka nchi kavu. Tuliketi kwenye matope tukitweta. Nilingoja anitukane, ana haki. Alikamua fulana yake, akasema "Innalillahi," basi.

Tangu siku ile hakunitajia vilima tena. Tulipokimbia ufuoni alihama akawa anakimbia upande wa maji, mimi upande wa njia, na niliona kwamba na yeye anatazama. Mtu na dini yake, na familia yake inayomngoja kwa chai, anamtafuta mume wa mwenzake kwenye magugu saa kumi na mbili asubuhi. Sijawahi kumshukuru. Hamisi, ukisoma hapa, ahsante.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yakingoja. Mwezi uliopita Atieno, ambaye yuko darasa la sita, aliletewa fomu ya shule ijazwe. Jina la baba. Kazi ya baba. Yu hai au amefariki. Aliniletea ikiwa imejazwa yote kwa mwandiko wake mzuri isipokuwa pale. "Hapo sikujua unataka niandike nini," aliniambia. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anapima maneno ili asiniumize. Niliitia sahihi ikiwa na pengo hilo, na nikaenda kukimbia.

Basi jana.

Kilomita kumi za kwanza nilikuwa sawa, nikipungia watu mkono kama mgombea kiti. Otonglo wananishangilia, Kisian wananishangilia. Halafu barabara ikaanza kupanda, na nikalipa deni la kila Jumanne niliyoikwepa Riat. Mishipa ya mapaja ilinishika. Nilitembea, nikachechemea, nikatembea kinyumenyume kwa sababu hivyo iliuma kidogo. Pale pa kugeukia, Hamisi alikuwa amesimama na chupa ya maji. Yeye hakukimbia, goti lake lilikataa. "Si nilikwambia?" alisema. Halafu akaniangalia usoni akasema, "Haya, sasa ni mteremko. Rudi."

Nilirudi. Na nikiwa nateremka kuelekea Kisian, barabara ikapinda, miti ikaisha, na ziwa likatokea lote.

Nimekaa Kisumu miaka kumi na tano. Barabara hiyo nimeipita mara nyingi nikiwa ndani ya gari, nikisahihisha madaftari. Sikuwa nimewahi kusimama hapo kwa miguu yangu. Maji yalienda, yakaenda, yakaenda, mpaka yakawa rangi moja na mbingu. Upande huu wa chini kulikuwa na ukingo mwembamba wa kijani, gugumaji langu lile, utepe tu. Miezi minane nilikuwa nikichungulia ule utepe.

Nilisimama nikasema kwa sauti, "Ouma, ni kubwa sana. Siwezi."

Nikalia. Sijawahi kulia hivyo, hata siku nilipopigiwa simu. Nililia nimeinama, mikono magotini, kamasi zikidondoka kwenye namba yangu ya kifuani. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara alikuja mbio, akanipangusa uso kwa leso yake. Alidhani ni miguu. "Pole, mama. Jikaze. Umekaribia kufika," alisema, uongo mtupu, zilikuwa zimebaki kilomita kumi na nne. Akanipa ndizi, akakataa shukrani.

Zile kumi na nne nilizikimbia zote. Sikutazama upande wa maji tena. Polepole, vibaya, kucha mbili za vidole zikigeuka nyeusi ndani ya raba, lakini hizo ndizo kilomita pekee ambazo kwa kweli nilikuwa nakimbia marathoni. Nilipoingia uwanjani walikuwa wanakunja mahema. Kijana mmoja alisitisha kazi akanivisha medali.

Niliketi kwenye ngazi za uwanja, nikampigia Mama. Yeye hakuwa amenipigia, ingawa ilikuwa Jumapili. Nadhani aliogopa.

"Nyar Alego, umefika?"

"Nimefika, Mama. Waambie wazee wachume."

Nilisikia kuku, na mtu akipasua kuni. Halafu nikasikia simu ikianguka, na Mama akatoa nduru.

Miezi minane. Mwanamke huyu amezaa mtoto, amempoteza, na hakuwa amelia kwa sauti hata siku moja, kwa sababu mimi nilikuwa sijaruhusu. Alikuwa akimeza kilio chake na kuniuliza kama nimekula. Nduru ile ilienda, na simu ikiwa palepale chini nikasikia ya pili ikiitikia kutoka boma la jirani, na ya tatu mbali zaidi, wanawake wa Pap Onditi wakipokezana, mpaka ikawa siwezi kuzihesabu. Nilikaa pale na medali yangu shingoni nikasikiliza mpaka salio likaisha.

Jioni nilimwambia Atieno. Aliuliza kama siku ya kwenda Pap Onditi hataenda shule. Nikamwambia hataenda. Akasema sawa, akaenda kuoga, akakaa bafuni muda mrefu sana maji yakimwagika.

Asubuhi hii Mama alipiga tena. Sauti imemkauka. Tutazika Jumamosi. Aliniambia nilete nguo za Ouma, zile alizozipenda, yago litavikwa.

Kwa hiyo nimefungua kabati, polepole kwa sababu ya mapaja haya. Nimechukua shati jeupe lenye mistari myembamba, ambalo nimekuwa nikilifua na kulipiga pasi kila mwisho wa mwezi bila kumwambia mtu. Nimechukua suruali ya kijivu. Soksi pia, sijui kwa nini. Vyote viko kwenye begi.

Vimebaki viatu vyake vya kanisani. Vyeusi, namba tisa, kisigino cha kushoto kimelika kwa sababu alikuwa akitembea akikanyagia upande. Nimevipaka rangi, nimevishika mapajani. Mama hakutaja viatu, na mimi naona haya kumpigia mwanamke anayelia nimuulize kama tunda huvalishwa viatu.

Nivipakie, au nivirudishe kabatini?