Ngome ya Masisi na Minara Yake Minne

Mjomba,

Nimefika. Nilitaka kuanza na salamu ndefu kama ulivyopenda, lakini neno hili limenikaa mdomoni tangu juzi, basi nalitoa kwanza. Nimefika kwenye ngome yako.

Miezi sita imepita tangu tukuzike. Hapa Ndosho mengi ni yaleyale: vumbi jeusi, mafundi wanaochomelea milango kando ya barabara, chukudu, zile baiskeli za mbao, zinazoteremka na magunia ya viazi. Ndege hazitui tena mjini, na mdogo wangu ameacha kukimbilia nje kuzitazama. Koti lako la mvua analivaa Papa. Mikono inampita, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia. Mke wako, Mama Solange, ndiye anayepeleka fromaji, lile jibini lako la Masisi, kwenye nyumba za Himbi sasa. Jumamosi namsaidia kubeba. Anabisha hodi, mimi nasimama nyuma yake na ndoo.

Kuna jambo sikukuambia, kwa sababu lilitokea ukiwa tayari hospitalini na Mama alisema tusikuchoshe. Mwalimu wetu wa jiografia alitupa kazi: kila mmoja aeleze mbele ya darasa mahali pamoja pa mkoa wetu. Wenzangu walichagua volkano, ziwa, sokwe. Mimi nilichagua ngome yako. Nilisema kwamba juu ya milima ya Masisi kuna nyumba ya mawe iliyojengwa na mlowezi mmoja enzi za Wabelgiji, kwamba watu wanaiita Shato, yaani ngome kwa Kifaransa, kwamba ina minara minne, na kwamba ukisimama kwenye mnara wa mashariki unaona ziwa upande mmoja na volkano upande mwingine. Unajua ninavyosoma mbele za watu: macho kwenye karatasi, sauti kama ya mtu anayeungama. Mwalimu aliuliza nimeyapata katika kitabu gani. Nikasema, kwa mjomba wangu, anauza fromaji. Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka, ila aliandika kitu kwenye daftari lake na kusema nitairudia kazi hiyo mwaka mpya wa masomo ukifunguliwa, nikiwa na ushahidi.

Wiki mbili baadaye tulikuwa kwenye matanga yako. Wenzako wa soko walikaa uani wakikumbushana vituko vyako. Mmoja alisema, "Huyu angeuzia mutu hata ukungu, na mutu angerudi kesho kuomba mwingine." Mwingine akadakia, "Na ile Shato yake ya minara mine!" Wote wakacheka, hata Mama, akijifuta machozi kwa pembe ya kitenge. Walikuwa wanakucheka kwa upendo, najua. Mimi nilikwenda kukaa jikoni.

Niliumia kwa sababu ya neno lingine ulilokuwa ukiniambia. Ulisema nina sauti nzuri, ila naificha. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia hivyo. Nikawaza: kama Shato ni uongo, basi hata hilo ulilisema kunifurahisha tu. Kwa miezi yote hii nilitaka kujua, na niliogopa kujua.

Njia ya kupanda Masisi ilipofunguka tena, Mama Solange alisema lazima apande kumpa habari Mama Dativa, yule mama wa ng'ombe uliyekuwa ukichukua fromaji kwake. Mtandao wa huko ulikuwa umekatika muda mrefu. Hata kama ungekuwepo, alisema, mtu aliyekunywesha maziwa kwake miaka kumi na miwili hapewi habari zako kwa simu. Nikaomba kwenda naye. Mama yangu alinitazama, akauliza, "Unafuata ile Shato?" Akanifungia mikate miwili.

Tulipanda pikipiki hadi Sake, kisha nyingine kwenda juu. Mjomba, ulikuwa umesema kweli kuhusu majani. Hapa mjini tunaishi juu ya mawe ya volkano, nilikuwa sijui kwamba kijani kinaweza kuwa kirefu hivyo, kilima nyuma ya kilima, na ng'ombe wamesimama kwenye miteremko kana kwamba hawana uzito. Kwenye bonde moja lenye maji tuliona korongo wenye taji, wawili, wanarukaruka mmoja mbele ya mwenzake. Dereva hakupunguza mwendo. Niligeuza shingo mpaka ikauma.

Tulifika kwa Mama Dativa karibu saa tisa mchana. Ulinifundisha kwamba wafugaji wa kule wanakutakia ng'ombe wengi wanapokusalimu, unasema "Amashyo" nao wanajibu. Nilikuwa nimeirudia njia nzima. Nilipomwona amesimama mlangoni, mrefu, mikono imelowa maji ya chumvi, niliisema kwa viatu vyangu. Sidhani kama aliisikia. Mama Solange akaingia naye ndani, wakafunga mlango. Nilijua anamwambia nini, nikabaki nje peke yangu na ng'ombe.

Sasa nikueleze nilichofanya, ingawa nadhani ulipo umeshacheka.

Nilitoa daftari. Nilitaka ushahidi wa kumpelekea mwalimu, na ushahidi, kwa sisi tuliotoka Butembo, ni hesabu. Kwetu tunahesabu viazi, mabati, watoto, wageni wa harusi. Nikanyoosha kidole nikaanza kuhesabu ng'ombe wa Mama Dativa kwa sauti, ili nisipotee. Ajabu ni kwamba kwa watu siwezi kutoa sauti, kwa ng'ombe ilinijia yenyewe. Nilikuwa nimefika ishirini na moja mlango ulipofunguka.

Mama Dativa alikuwa ametoka kusikia kwamba umekufa. Macho yake yalikuwa makavu, lakini uso ulikuwa umeshuka. Alitazama kidole changu. Mwanawe Innocent alitoka nyuma yake, nyundo ya kutengenezea uzio bado mkononi. "Kifo kimoja hakimutoshi," alisema, "ameleta na hesabu ya serikali." Sikuelewa mpaka Mama Solange aliponishika mkono na kuushusha. Kule hawahesabu ng'ombe wa mtu. Wanasema ukiwahesabu, unawaita wapungue. Wewe uliniambia mengi, Mjomba, lakini hilo hukuniambia. Au uliniambia na mimi nilikuwa nasoma.

Nilitaka ardhi inimeze. Nilifikiri atatuambia turudi na pikipiki ileile. Badala yake aliuliza, kwa utulivu, "Mutoto, umefika ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Acha hapo. Utalala hapa. Hutaondoka mpaka hizo ishirini na moja uzijue majina. Mwenye jina hahesabiwi."

Kisha akarudi ndani kwenye rafu zake, akaanza kuzigeuza zile fromaji, moja baada ya nyingine, akizipangusa kwa kitambaa cha maji ya chumvi. Mama Solange akachukua kitambaa kingine bila kuulizwa. Baadaye nilimsikia Mama Dativa akisema kwamba wewe ulikuwa unazigeuza kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Ndipo walipolia, wote wawili, na kazi haikusimama.

Jioni, wakati wa kukamua, Innocent alinitembeza kati ya ng'ombe. Alinitania bila huruma. Aliniita Madame wa Hesabu. Alinionyesha Bihogo, mwenye rangi ya udongo uliolowa, na Gaju, na Sine mwenye alama usoni, na akataka niite kila mmoja kwa jina, kwa sauti, kwa sababu ng'ombe hasikii mtu anayeongea na viatu vyake. Kumbe salamu yangu waliisikia. Niliita. Mara ya kwanza hakuna aliyegeuka. Nikaita tena, nikaita zaidi, na Gaju akainua kichwa. Mjomba, ng'ombe mzima aliacha majani yake kwa sababu nilimwita.

Wa mwisho alikuwa mtamba mwekundu mwenye pembe fupi. Innocent akasema anaitwa Masika, jina langu.

Nilidhani ananitania tena. Hapana, alisema, jina hilo alilitoa mjomba wako. Ndama yule alikuwa jike la kwanza la mama yake, na wewe ulisisitiza kwamba kwetu jike la kwanza lazima aitwe Masika, kama mimi kwa Mama yangu. Walikueleza kwamba hayo ni majina ya watu. Ukasema sheria ni sheria. Mama Dativa, ambaye alikuwa amechuchumaa kwenye kibuyu cha maziwa, alicheka kwa mara ya kwanza tangu tufike. "Tulimukatalia siku tatu," alisema. "Siku ya ine tulichoka."

Alinipa maziwa. Nilikaa chini kwanza, hilo nalikumbuka ulinifundisha, mtu hanywi maziwa amesimama. Yalikuwa na harufu ya moshi wa majani wanayofukizia kibuyu.

Asubuhi tulikwenda kwenye Shato. Ni mwendo wa nusu saa, kupitia mikalitusi. Innocent alitangulia, Mama Dativa na Mama Solange wakafuata, mimi nilikuwa wa mwisho.

Ipo, Mjomba. Ipo kweli. Kuta za mawe, nene kuliko urefu wa mkono wangu. Bomba la moshi ambalo mtu anaweza kusimama ndani yake. Paa limebaki upande mmoja, na chini ya upande huo Mama Dativa anakomaza fromaji zake kubwa. Kwenye sebule ya mlowezi kuna mbuzi. Niliizunguka mara moja. Nikaizunguka tena.

Haina minara. Si minne, si mmoja. Haina hata alama ya mahali ulipoanguka mnara.

Nilimwuliza Mama Dativa, na safari hii nilimtazama. Akashangaa. "Minara? Haiyakuwa nayo hata siku moja. Ni yeye alisema ingefaa iwe nayo. Alikuwa anazunguka hapa na kidole: hapa mumoja, hapa mumoja. Kila mwaka ilikuwa inarefuka." Akanionyesha pembe ya mashariki, ulipokuwa ukipenda kusimama. Kuna rundo la mawe ya shambani, si ya mnara. Nikapanda juu yake. Upande mmoja niliona ziwa, jembamba, jeupe. Upande mwingine volkano na moshi wake. Nilikaa pale mpaka Mama Solange akaniita mara tatu.

Tukiteremka nilimweleza habari ya mwalimu. Yeye aliona jambo ni jepesi. "Weka minara," alisema. "Nani atapanda huku kuihakikisha?" Nilifikiri sana, mpaka Sake. Nikiiweka, nitakuwa nimekulinda kwa uongo. Nikiitoa, nitakuwa nimewapa ushindi wale waliocheka. Hasira kidogo ilinishika juu yako, nisamehe. Kisha nilikumbuka mawe yale ya mashariki na kila kitu nilichokiona kutoka juu yake. Ziwa hukuliongeza. Volkano hukuiongeza. Ulichoongeza ni mahali pa kusimama.

Basi ahadi yangu ni hii. Masomo yakifunguliwa nitasimama mbele ya darasa bila karatasi. Sitasema idadi ya ng'ombe, mwalimu akiuliza nitamtajia majina. Nitasema kuta ni za mlowezi, fromaji ni ya Mama Dativa, na minara minne ni ya mjomba wangu. Wakicheka, nitangoja wamalize, halafu nitaendelea.

Pumzika sasa, Mjomba. Usituhofie. Kwa Mama Dativa tutapanda kila mara njia itakaporuhusu, na fromaji zako zitageuzwa.

Mpwa wako,
Masika