Kigoda Changu Kije Ipagala

Ipagala, Dodoma
Jumapili jioni

Mke wangu Sechelela,

Nakusalimu kabla hujaanza kunisema. Goti limepona, au bado unalitumia kama sababu ya kuwatuma watu maji? Mimi napumua, nakula, na meno yaliyobaki yanaelewana. Nakuandikia barua kwa sababu simu nimeikoma. Nikikupigia unaweka sauti ya nje, wifi zako wote wananisikia, na binamu yangu Masima ananijibu kabla yako. Barua haina sauti ya nje. Najua atakayekusomea ni Nyemo. Basi Nyemo mwanangu, soma polepole, na nikisema ruka, uruke kweli.

Nimesikia maneno yanayozunguka huko Chemba, kwamba sirudi nyumbani kwa sababu nimepata mwanamke mjini. Mwanamke gani, Sechelela? Ni kweli nalinda geti la hosteli ya wasichana wa chuo, na wamejaa kama kumbikumbi. Lakini wote wananiita babu, na juzi mmoja alinishika mkono nipande ngazi, ngazi yenyewe ina vipandio viwili. Mtu wa kushikwa mkono hivyo atamtongoza nani? Kilichonishika huku si mwanamke. Ni semista.

Ngoja nikueleze kwa darasa langu la nne. Zamani mwaka wa chuo hiki ulikatwa vipande vinne, wakaviita robo. Sheria ya walinzi ikasema: mlinzi akimaliza robo mbili, apewe likizo. Ndiyo maana ulikuwa unaniona wakati wa kupanda, ukaniona tena wakati wa kuvuna, ukanichoka kwa zamu. Mwaka huu wakubwa wakaona robo zinawachosha, kila wakigeuka ni mtihani, wakaukata mwaka vipande viwili tu. Ndizo hizo semista. Sawa, mwaka ni wao. Lakini kitabu chao cha sheria kilikuwa kimejaa robo, kwa hiyo kamati ikakaa kukitengeneza. Unajua walivyofanya? Kama mtu anayechambua mchele huku wageni wameshafika. Kila palipoandikwa robo wakafuta, wakaweka semista, wakafunua ukurasa. Sasa mlinzi apewe likizo akimaliza semista mbili. Semista mbili ni mwaka mzima, mke wangu! Mawingu yameanza kujikusanya upande wa huko kwetu, nayaona kutoka hapa getini, na uwele utaupanda bila mimi.

Na uwele si kitu. Mwenye shida ni huyu anayekusomea.

Nilikwenda ofisi ya utumishi. Kuna binti pale, ana adabu na miwani mikubwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nataka ruhusa, nikapokee posa ya binti yangu."

"Jamani, hongera babu! Ila likizo yako mpaka semista ya pili iishe."

"Nipe ya dharura."

"Dharura ni msiba au ugonjwa, babu. Posa siyo dharura."

"Nina binamu anaitwa Masima. Huyo akifa?"

"Binamu hayumo. Awe mzazi, mke au mtoto."

Kwa hiyo Masima kapona, aliye hatarini ni wewe. Usinichokoze.

Nikamwambia, basi waliofuta na wafute tena, hiyo kamati inakaa lini? Binti akafunua kitabu, akafunua tena. Akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa akasoma kwa kidole kama mimi, nikampenda kidogo. Sechelela, kamati kwa sheria yake hukutana kila mwisho wa robo. Siku ile ya kufuta walifika kurasa za walinzi na wapishi, jua likazama, wakaenda zao. Kurasa zao wenyewe hawakuzigusa.

"Robo hii inaisha lini, mheshimiwa?" nikauliza.

"Robo hakuna tena, mzee."

"Sasa mtakutana lini?"

"Lazima kwanza hii sheria ya kukutana ibadilishwe."

"Na nani?"

"Na kamati."

"Ikishakutana?"

"Eeh. Ikishakutana."

Nikaanza kucheka, na wao wakacheka, tukacheka wote watatu kama watu wa harusi. Nilipofika nje nikataka kuendelea, kicheko hakikutoka.

Utasema, toroka. Mlinzi akitoroka hapa harudishwi kazini, na kwa umri huu nani atanipa geti jingine? Nyemo, ruka hapa. Kitanda cha kibanda hiki ni chembamba, mke wangu. Nikigeuka kukutafuta naangukia ndoo. Basi. Nyemo, endelea.

Juzi nimekaa getini, bodaboda ikasimama, akashuka Mzee Chiwanga wa Zuzu, baba wa kijana anayemtaka Nyemo. Kofia mkononi, uso umefungwa.

"Hodi kwa mtu mkubwa asiyeshikika," akasema.

"Karibu, mzee mwenzangu. Nashikika sana, ndiyo taabu yangu."

"Mara mbili tumejiandaa kuja Chemba, mara mbili mnatuambia baba hayupo. Mama wa kijana anasema mnatudharau. Jumamosi ya wiki ijayo ndiyo mwisho. Ukikosekana, kijana atafute kwingine."

Nikamwambia Masima anaweza kuwapokea. Hata mimi ulimi uliniuma kulitamka.

"Sisi hatuposi kwa binamu," akasema. "Ondoka uende kwako, bwana! Hizo funguo kiunoni ni za nini?"

"Za kuwafungulia wengine."

Akaziangalia, akaniangalia, akakaa kwenye benchi la wageni bila kukaribishwa. Nikamweleza habari ya robo. Ilibidi nirudie, mara ya kwanza alidhani namtania. Halafu nikamwambia, Zuzu ni hapo tu, njooni hapa Jumamosi.

"Posa hupokelewa nyumbani kwa baba," akasema, "si kwenye hosteli ya watu."

"Na nyumbani kwa baba ni wapi?"

"Pale kilipo kigoda cha..." Hakumaliza. Alianza kucheka kabla yangu, mpaka wasichana wakachungulia madirishani.

Kwa hiyo sikiliza. Njoo Ijumaa kwa basi wewe na Nyemo, mje na kibuyu cha togwa na kigoda changu. Usikubali wakiweke juu kwenye keria, mguu wake uliofungwa waya utalegea. Kipakate, na asikikalie mtu, hasa konda. Masima aje akitaka, ila akae nyuma. Kigoda tutakiweka palepale geti linapopita, nusu ndani nusu nje. Sheria inasema mlinzi asitoke getini, haikusema nani asije. Yule binti wa utumishi nimemwambia. Akasema hajasikia kitu, halafu akaniuliza saa ngapi.

Usinijibu kwa simu. Njoo tu. Usipokuja, wa Zuzu watakuta mlinzi, hawatakuta baba, na Nyemo ndiye atakayelipa semista za watu.

Msalimie mama yako, mwambie mkwe asiyempenda anaendelea vizuri, samahani. Wasalimie dada zangu wote wenye masikio marefu, na mdogo wangu anayetunza mbuzi, apunguze kuzilaza kwangu, nyumba yangu si zizi. Mjukuu wangu mpige busu kwenye kisogo. Jirani yetu katekista aniombee, lakini kwa ufupi.

Ni mimi mumeo, ambaye sasa huwezi kumchoka hata ukitaka,
Ndahani

Nilisahau. Jumamosi mkishakunywa na kucheka nitawafungulia geti mtoke, wewe na Nyemo na wakwe, halafu nitalifunga, nami nikiwa ndani. Kigoda ondoka nacho. Nikikulilia nikisema kibaki, usinisikilize. Kikilala hapa hata siku moja, hapa patakuwa ndipo kwangu.