Mipini ya Nyumba ya Nyangi

Mama yangu Nyangi uliyenitolea ng'ombe,

Shikamoo huko uliko. Barua hii nimeiacha wazi ili na wengine waisome, kwa sababu wewe ulipenda kujivunia mambo yako hadharani, na mimi ukaniambukiza tabia hiyo.

Kwanza niwaeleze wasomaji wa mbali wasishangae. Hukunizaa. Uliniona Itiryo nikiwa msichana, ukapeleka ng'ombe kwa baba yangu, ukanioa kwa mila yetu sisi Wakurya ya nyumba ntobhu. Mume wako alikuwa amefariki na hukuwa na mtoto wa kiume. Kwetu, mwanamke wa namna hiyo anaweza kuoa msichana, na watoto atakaowazaa na mwanaume yeyote wakawa wa nyumba yake. Basi nikaja Nyamongo nikiwa mkamwana wako. Nilitegemea kukabidhiwa jembe na sufuria. Wewe ukavuta sanduku la bati kutoka uvunguni, ukaniambia, "Bhoke, njoo uone mali."

Visu vya kukunja, sanduku zima! Nilidhani nimeolewa na kichaa.

Ilikuwa wakati wa rashi ya dhahabu. Watu walimiminika kutoka kila upande, maduara, yale mashimo ya dhahabu, yalichimbwa mpaka karibu na migomba, na vumbi la mawe yaliyotwangwa tulilikuta hadi kwenye uji. Ulikuwa unawapikia wachimbaji, na kila mchimbaji alikuwa na kisu mfukoni cha kukatia kamba na kumenyea muwa. Wenzako walitazama mifuko hiyo wakiwaza dhahabu. Wewe uliwaza mipini. Ukiona wa kukupendeza, ulimpa mwenyewe kisu kipya cha dukani na sahani ya nyama juu yake, naye akakuachia kile cha zamani huku akikuonea huruma.

Nakumbuka ulivyonitolea kimoja kimoja. Mpini wa mpingo ulitoka kwa kijana wa Lindi, mweusi, mzito, wa baridi mkononi hata jua likiwaka. Wa mfupa ulitoka kwa Mjaluo wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Babu yake aliuchemsha kwenye majani ya chai mpaka ukawa na rangi ya asali. Lakini uliyoipenda kuliko yote ilikuwa ya pembe ya ng'ombe. Uliinua mmoja juani nikaona mwanga unapenya ndani, kahawia na rangi ya maziwa zimechanganyika, na ukasema hakuna ng'ombe wawili wenye pembe ya michirizi sawa. Ukanifundisha kuchoma kidogo kwa sindano ya moto. Ikinuka nywele zilizoungua, ni pembe. Ikinuka plastiki, umeletewa ndoo.

Kuna bwana mmoja alikuja kutoka upande wa Serengeti na kisu chenye mpini mweupe wa pembe ya ndovu. Kilikuwa kizuri, sitasema uongo. Ulikigeuza mara moja tu ukamrudishia.

"Ng'ombe tulimla nyama, ngozi tukalalia," ulimwambia. "Huyu tembo nani alimla?"

Yule bwana alikunywa chai yake haraka akaondoka. Nilijisikia fahari, mama, ingawa nilikuwa bado mgeni kwako na sikujua kama ninaruhusiwa kujisikia hivyo.

Kisha baba yangu akachinja dume mmoja katika wale wa mahari yangu, nawe ukatuma mtu mpaka Itiryo kuomba pembe zake. Watu walikucheka: katoa ng'ombe mzima, sasa anadai pembe! Hukujali. Ulizichemsha mpaka ule mfupa wa ndani ukachomoka, ukazianika kivulini na kuzipaka samli, maana pembe ikiachwa hivihivi kuna wadudu wanaitafuna. "Hizi ni za mpini wa mjukuu wangu," ulisema. Kila mtu alijua unamaanisha mvulana, na mimi zaidi ya wote.

Mzee Mwita, mdogo wa marehemu mume wako, naye alijua. Alikuwa anakuja kunywa togwa na kulitazama lile sanduku. "Shemeji," alisema bila kuficha, "visu ni vitu vya wanaume. Kijana asipopatikana humu, nyumba imekufa, na hilo sanduku linakuja kwangu."

Nikamzaa Robi. Msichana.

Sijawahi kuogopa kama siku ile. Nililala nimegeukia ukutani, kwa sababu nilijua umetoa ng'ombe kwa ajili ya nini. Mzee Mwita alikuja mapema mno, kabla hata jirani hawajaleta uji, akasimama mlangoni akauliza, "Sasa shemeji, zile pembe?" Ulichukua msumeno, ukakaa kizingitini palepale miguuni pake, ukaanza kukata. Unga wa pembe ulimwangukia kwenye viatu. Ulipomaliza kipande cha kwanza ndipo ukainua uso.

"Nilioa ili nipate mtu, Mwita. Huyu si mtu?"

Nililia mama, na wewe ukaniambia ninyamaze, ninamwamsha mtoto.

Ulimfundisha Robi kila kitu: kulainisha pembe kwenye moto na kuibana katikati ya mbao mpaka inyooke, kutoboa bila kupasua, kupiga ribiti za kushikilia mpini, kusugua kwa msasa na kumalizia kwa kitambaa na majivu laini. Leo ana kibanda chake sokoni Tarime. Wafugaji wanamletea visu vya baba zao vilivyovunjika mipini, na wapo wanaokuja kutoka Musoma na Mwanza wakitaka kuona sanduku lako tu. Anawaonyesha. Hawauzii. Ukimwona anavyokiinua kimoja juani, utadhani ni wewe, ila yeye ana maringo zaidi.

Sasa nikwambie kilichotokea baada ya matanga yako. Mzee Mwita alikuja na wazee wawili kuchukua sanduku. Nililikalia. Kweli, nilikaa juu ya kifuniko na upana wangu wote huu, nikasema atakayelitaka anibebe nalo. Wazee waliangalia pembeni.

"Simchukii mtoto," Mzee Mwita alisema, na nadhani alisema kweli. "Lakini Robi ni msichana. Ataolewa, na visu vya nyumba ya kaka yangu vitaenda ukoo mwingine. Nyumba haina wa kubaki. Nimekosea wapi?"

Yeye alikuwa na hoja. Mimi nilikuwa na makalio tu.

Robi alikuwa anawamiminia chai. Aliweka birika chini, akapiga goti kidogo kwa heshima kama ulivyomlea.

"Babu," alisema, "nani amesema nitaolewa? Bibi alioa. Ng'ombe ninao, nimewanunua kwa mikono yangu. Na mimi nitaoa."

Kisha yule mzee mkubwa kuliko wote akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, mpaka Robi akamletea maji. Alipopata pumzi alishika fimbo yake akasimama.

"Mwita, inuka twende. Nyumba hii ina mwenyewe."

Wakaondoka mama. Sanduku lipo. Mwezi ujao tunapeleka ng'ombe Itiryo kwa wazazi wa msichana mmoja mwenye akili na mkono mtulivu, na mimi, niliyekuja hapa nikitegemea jembe na sufuria, ndiye nitakayemtandikia kitanda. Huko sokoni wageni wakiuliza fundi huyu ni binti wa nani, hakuna anayetaja jina la mwanaume. Wanasema, "Huyo? Robi wa Nyangi."

Pumzika mama. Moto wako unawaka.

Ni mimi,
mkamwana wako