Mavyaa Wangu Anakwenda Chovai Kufundisha Asilolijua

Mpendwa mshauri Bi Arafa, naomba msaada wako, na kabla ya yote nakuomba ubadilishe majina, maana kipindi chako cha redio cha Ijumaa asubuhi hatukikosi nyumbani kwetu, mimi na mavyaa wangu hukaa sebuleni na sinia la mchele baina yetu tunachambua huku tunakusikiliza, na huyo mavyaa ndiye nitakayemsema humu, si kwa ubaya, wallahi, kwani tangu niolewe na mwanawe Husseini miaka sita sasa hajanitolea neno la kuniumiza, na ndiyo maana hili jambo limenikaa rohoni.

Mimi na yeye tunafanya kazi pahala pamoja, kituo cha mama na mtoto hapa Kismayu, meza moja ya kuandikisha wagonjwa. Yeye, tumwite Kaltuma, huu ni mwaka wake wa kumi na tisa pale, na miaka yote hiyo kadi za kina mama wa visiwani alikuwa akiziweka ndani ya mikebe ya biskuti, mkebe wa Ngumi, mkebe wa Chovai, mkebe wa Darakasi, na ndani ya mkebe kadi zimefuatana kama nyumba zinavyofuatana huko kisiwani, hata mwanamke akiingia mlangoni, kabla hajakaa kitini kadi yake ishafika mezani. Mwaka huu tukaletewa tableti zenye programu ya kusajili wagonjwa, na ya meza yetu hurudi nami nyumbani kuchajiwa, mimi nikapelekwa mafunzo siku tatu nikaambiwa nikirudi niwafundishe wenzangu, na kweli niliwafundisha, mmoja mmoja, mpaka wakaweza, lakini yeye nilimwonyesha mara moja tu, haraka haraka, huku namtazama usoni nisije nikamkera, akaniambia, "Nishaelewa, mwanangu," nami nikashukuru kuwa yamekwisha.

Hayakwisha. Programu inataka namba ya simu ya kila mgonjwa, na Chovai wanawake wengi hawana simu, simu ambayo haizimi ni ya Mzee Fakihi mwenye sola, na desturi ya huko ukimtaka mtu yeyote unampigia Mzee Fakihi naye anamtuma mtu kumwita. Basi mavyaa akaandika namba ya Mzee Fakihi kwa wanawake wote wa Chovai, thelathini na mmoja, na programu hii hutuma ujumbe wenyewe kuwakumbusha watu siku zao za kuja, kwa hiyo asubuhi moja Mzee Fakihi akapokea ujumbe kumi na nne wa kumwambia kuwa mimba yake imefika mwezi wa saba na aje kupimwa. Akapanda mashua akaja. Nilimkuta mlangoni ameishika simu mbali na mwili wake, akaniuliza kwa lafudhi ya visiwani, "Mimi mchu wa miaka sabini na mbili, mwataka kunipima nini?" Nikamkalisha, nikampa chai, nikamuomba radhi, nikazifuta namba zote kabla mtu yeyote hajajua.

Najua ningemwambia mavyaa siku ile ile, lakini Bi Arafa, mkaza mwana atamwambiaje mavyaa wake kuwa amekosea, mbele ya watu ambao kazi wamefundishwa na yeye? Nikanyamaza, na tangu siku hiyo, miezi minne sasa, kila alasiri akishaondoka mimi hubaki nikamrekebishia, namba nikaziondoa nikatia alama kisanduku cha asiye na simu ili ujumbe uende kwa mhudumu wa afya wa kisiwa, na majina pia, kwa sababu programu inataka jina la baba na la babu naye hataki kumuuliza mtu anayemjua, aliniambia, "Nimuulize Mwanalima jina la babuye, nasi tumekulia ua mmoja? Wachu watasema nimerukwa na akili," basi pale pa babu huandika jina la nyumba. Na jinsi alivyo mwema, akiondoka huniachia kadi za siku hiyo juu ya tableti, amezipanga sawasawa na alivyoziandika, na kando yake kipande cha mkate wa mofa kwenye kitambaa, na husema, "Mi natangulia, usikawie."

Sasa Daktari Nasrudin anayesimamia kituo ameikagua kazi yetu, akaona ya mavyaa haina kosa hata moja, ni safi kuliko hata yangu, akamsifu mbele ya wote na akasema kituo kipya kinafunguliwa Chovai na Bi Kaltuma ndiye atakayekwenda wiki nzima kuwafundisha wahudumu watatu wa huko. Mavyaa akainamisha kichwa akasema, "Nikenda mimi, mkaza mwanangu naye ende," watu wakacheka kwa mapenzi yetu, lakini daktari akasema meza haiwezi kubaki tupu. Na Chovai ndiko alikozaliwa, Bi Arafa, jamaa zake washapata habari, dada yake Mwanatumu ameshasema atapika halwa, na siku zimebaki kumi na mbili. Nikimwambia, nitakuwa nimemwambia kuwa sifa zote zile hazikuwa zake. Nisipomwambia, ataaibika kwao, mbele ya ndugu zake, nami ndiye niliyemtia aibuni. Nifanyeje?

Mkaza mwana wa Kismayu

*

Mkaza mwana, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza sikuifikisha mwisho kwa kicheko. Mzee Fakihi popote alipo nampa pole na namuombea ajifungue salama. Haya, nimemaliza kucheka, sasa nisikilize.

Kwanza una bahati, na ujue unayo. Barua za mavyaa na mkaza mwana zinazofika kwangu ni za kutupiana sufuria. Wewe unalia kwa sababu unampenda mno. Nyumba yenu nzuri, Mungu aihifadhi.

Lakini kosa ni lako, na unalipa jina la adabu. Ni woga. Wenzako umewafundisha mpaka wakaweza, umesema mwenyewe. Yeye peke yake ulimpitishia mbio ili uso wake usibadilike, yaani msichana aliyeajiriwa juzi amepata mafunzo mazuri kuliko mama wa mume wako. Kisha kila alasiri ukawa unamfutia alichokosea. Mtu asiyeoneshwa kosa lake atajifunza kwa kitu gani? Ulimuogopea aibu ndogo ya mezani, sasa umemtengenezea kubwa, yenye halwa.

Tena nakuuliza. Mwanamke aliyejua kadi ya kila nyumba ya visiwa vitatu kwa miaka kumi na tisa, unadhani haoni kuwa aliyoandika jana leo si yale? Kwa nini akupangie kadi kwa mpango ule ule alioandika, kama hajui kuwa utazipitia moja moja? Kwa nini akuachie mkate, kama hajui kuwa utabaki? Na alipoambiwa aende Chovai hakusema ndiyo, alisema aende na wewe. Mlicheka mkaona mapenzi. Mimi nimesikia mtu anayeomba msaada kwa njia pekee aliyoiona. Mimi sikai nanyi, huenda nakosea, lakini nadhani na yeye amekuwa akikustahi wewe, anangoja umwambie, na kila siku unamuitikia tu "haya, Mama" unakula mkate.

Kwa hiyo utafanya hivi. Utamuomba radhi kwanza, kwa kumfundisha vibaya, wala usiguse habari ya kukosea kwake. Sema, "Mama, nilikupitisha mbio, tuanze upya." Baada ya alasiri mkae jikoni, tableti iwe mikononi mwake yeye, na wewe ukande unga. Nasema ukande unga kwa sababu nakujua, mikono yako ikiwa mitupu utamnyang'anya ubonyeze mwenyewe. Ikiwa na unga utalazimika kungoja. Mwache asajili watu wa humo ndani kwanza, Husseini, wewe, jirani. Akikosea muulize tu, "Hapo inataka nini, Mama?" kisha unyamaze, hata ukijiuma ulimi. Arudie kesho yake, na kesho kutwa, mpaka akusimulie yeye kisanduku cha asiye na simu ni cha nini.

Habari ya majina mpe njia ya kuulizia bila kuvunja heshima. Aseme, "Hiki kidude hakikujui, mwanangu, hebu kitajie jina la babuyo." Ubaya wote wa kuuliza utabebwa na tableti, na hakuna atakayesema amerukwa na akili.

Na kuanzia kesho kazini usimrekebishie chochote. Programu ikimkatalia, imkatalie ukiwa karibu naye, siyo siku akiwa Chovai peke yake.

Kisha mwende wote wawili kwa Daktari Nasrudin, kabla siku hizo hazijaisha. Umwambie mwenyewe kuwa kazi aliyoisifu mikono yako ilikuwamo. Atakasirika kidogo, vumilia, ni haki yake. Kisha mwambie hili pia, kwamba mikebe ile ya biskuti isitupwe, mkebe wa Chovai usafiri naye. Wahudumu wale watatu kubonyeza watajua kwa siku mbili. Nani anakaa nyumba ipi, nani hupigiwa kupitia kwa nani, mama gani ukimtumia ujumbe utasomwa na kijiji kizima, hayo hakuna mafunzo ya siku tatu yatakayowapa, anayo Kaltuma. Kwa hayo anastahili halwa yake, na daktari akiwa na akili atakutafutia mtu wa kukaa mezani wiki moja ili umfuate.

La mwisho. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoniomba. Lakini mwanangu, umeniandikia mikebe, mofa, Chovai, halwa ya dada yake, kisha ukanieleza na saa mnayonisikiliza. Kuna mtu mmoja tu mjini humu ambaye hawezi kukosa kujijua katika barua hii, na wewe ulijua hivyo ulipoitia sahihi. Ulitaka asikie kwa kinywa changu kwa sababu chako kimekushinda. Haya, nimekusaidia, amesikia.

Sinia liko baina yenu sasa hivi. Bi Kaltuma, assalam alaikum. Na wewe mkaza mwana, acha kujifanya unatafuta mawe kwenye mchele. Inua uso umtazame, kisha inuka, kalete tableti.