Mstari wa Nne wa Kadi

Jumatatu, 1 Machi 1954
Toka Nduruma mpaka kilele cha Meru hakuna mwenye mwandiko kama wangu. Gavana mwenyewe akiiona herufi yangu ya S ataomba nimfundishe! Darasa la sita sikumaliza — hasara ni ya darasa. Leo nimeanza kujifunza ukarani wa dispensari. Karani mkuu, Mzee Philemoni, Mchaga wa Machame, kaniweka dirishani niandike kadi za wagonjwa. Mistari minne: jina, umri, kijiji, mwenye boma, yaani mkuu wa nyumba. Ijumaa Bwana Daktari anakagua. Kadi moja yenye pengo — narudi kwa baba kupalilia kahawa.

Jumanne, 2 Machi
Kadi thelathini na tisa! Pengo hakuna. Babu mmoja hakujua umri wake. Nikamwuliza alitahiriwa na rika gani, nikahesabu, nikaandika 71. Mzee Philemoni kacheka mpaka kavua miwani. Eti, Sifaeli, wewe mjanja kuliko shule yako. Hilo nalijua siku nyingi.

Alhamisi, 4 Machi
Mvua. Foleni imefika barabarani, nami nawachekesha. Nesi Tabea anasema dirisha langu lina kelele kuliko gulio. Wivu!
Kaja mama kijana wa Kiarusha, wa Sokon, mtoto mgongoni anachemka homa. Jina — kasema. Umri, kijiji — kasema. Mwenye boma? Kageuka kutazama foleni. Kasema tu ni baba mkwe wake.
Nikapaza sauti: "Mama, unaishi kwa mtu asiye na jina?"
Vicheko! Bibi mmoja nyuma yake akataka kumsaidia. Nikamkata: "Bibi, zamu yako bado."
Yule mama akamfunika mtoto shuka, akaondoka. Atarudi tu. Kadi yake yenye pengo nimeitia mfukoni.

Ijumaa, 5 Machi
NIMEPITA! Bwana Daktari kapekua kabati zima: safi sana. Ufunguo wake sasa ninao shingoni. Tabea kaniita Bwana Karani — nikajifanya sisikii ili arudie.
Yule mama hajarudi.

Jumamosi, 6 Machi
Bibi wa juzi kaja kufungwa kidonda. Shikamoo yangu kaiitikia kwa shida. Nikamwuliza jina la yule mwenye boma.
"Sironka," kasema. "Foleni nzima ilijua. Ndiyo maana nilitaka kumsemea."
Nikamwambia Mzee Philemoni yote. Hakunigombeza — afadhali angenigombeza! Kanipa baiskeli yake: kamlete mtoto.
Sasa niko Sokon, nje ya nyumba ya Sironka. Tope mpaka magotini. Wamesema nisubiri. Ndani mtoto anakohoa, wanawake wanaongea chini chini. Mstari wa nne nimeujaza, S imekaa vizuri kabisa.
Niandike na hili, maana hakuna wa kulisoma. Mbele ya Mzee nilisema sikujua kwamba mke hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Uongo. Dada yangu Anaeli kaolewa na Mwarusha. Akiulizwa jina la mkwewe, anageuka kunitazama, namtajia mimi. Tangu nina miaka tisa namtajia mimi.
Nilijua. Nilitaka wacheke tu.
Mlango unafunguliwa. Ni yule mama —