Mistari Mgongoni mwa Benedicto

Kirushya,
Ngara.
5 Julai, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Kezia,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Hujambo? Kile kikohozi kimekuacha? Shemeji Maduhu na watoto wanaendeleaje? Sisi ni wazima. Mama bado anagombana kila asubuhi na kuku wa jirani, kwa hiyo ujue ni mzima sana. Maharage nayo yametoka vizuri mwaka huu.

Simu zangu hupokei tangu katikati ya Juni, na sikulaumu. Maneno niliyokuambia siku ile, hata mimi nisingetaka kuyasikia mara ya pili. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Acha nikueleze ilivyokuwa. Tulikuwa tunapura maharage uani, jua kali, Benedicto wangu akavua shati. Mama akauona mgongo wake, hapo chini karibu na kiuno: mistari mitano au sita, myekundu, imelala kutoka upande huu hadi ule, kama ya mtu aliyechapwa. Tukamwuliza nani kakupiga. Akavaa shati haraka. Baadaye alikana kwamba amepigwa, sisi tukasema ametishwa. Mtoto anasoma huko Biharamulo, analala kwenu, na baba wa nyumba ni mfugaji mwenye fimbo. Tukajitungia kesi na kuihukumu wenyewe.

Ndipo nikakupigia nikasema, "Mwambie mumeo mwanangu si ng'ombe wa kuchapwa." Ninayaandika tena, Kezia, ili ujue sijayasahau. Naona aibu.

Mama alimkanda siku nne kwa maji ya moto na chumvi. Mistari haikusogea. Nikampeleka zahanati nikitaka majeraha yaandikwe, niende nayo polisi. Tabibu wetu, Privatus, akamtazama mgongo, kisha akaitazama suruali yake inayoishia juu ya vifundo vya miguu, akauliza ilinunuliwa lini. Nikasema Januari. Akatuambia hiyo ni michirizi ya kukua. Mtoto akirefuka kwa haraka, ngozi inavutwa kuliko inavyoweza kuhimili, inachanika kwa ndani. Wavulana wengi huipata hapohapo mgongoni, wasichana mapajani na kwenye matiti. Si ugonjwa na haihitaji dawa. Wekundu utafifia wenyewe, zitabaki alama hafifu tu. Halafu akaniuliza kama mimi mwenyewe sina tumboni.

Ninayo, tena tangu mimba ya huyohuyo Benedicto. Miaka kumi na tano ninaoga nayo, na sikuitambua kwa mwanangu.

Njiani kurudi ndipo mtoto alipofunguka. Kumbe aliiona tangu Machi, akadhani ameugua kitu cha aibu, akawa anaoga kabla hamjaamka. Akaniambia, "Mama, baba mdogo hajawahi kunigusa. Ananimiminia maziwa asubuhi na jioni, anasema anataka nimpite urefu." Mdogo wangu, nilikaa kando ya barabara nikalia. Maziwa yenu yamemrefusha mwanangu, na mimi nikayaita mapigo.

Naomba msamaha wako, na zaidi wa shemeji. Mama naye anaomba, ingawa kwa namna yake. Anasema chumvi yote ile ingetosha maharage ya mwezi mzima. Benedicto sasa anavua shati bila kujali na kuwaonyesha wadogo zake mistari yake. Shule inafunguliwa Jumanne, na hataki kusikia habari ya kuhamia shule nyingine. Anataka kurudi kwenu.

Nisalimie Ineza na Yohanes, wanangu. Shemeji yako Anatory anawasalimu, na dada Melania wa Mbuba pia, ambaye amenigombeza wiki nzima kwa ajili yako.

Aliyekuletea barua hii ni Benedicto mwenyewe, ana begi lake. Nimemwagiza asiingie ndani mpaka umalize kusoma, kwa kuwa nyumba ni yenu na niliyeivunjia heshima ni mimi. Kama hasira bado ipo, mrudishe kesho, sitanung'unika. Ila ametoka hapa alfajiri na hajala kitu.

Mungu aitunze nyumba yenu na kila anayelala humo. Sasa umemaliza kusoma, mdogo wangu. Mkaribishe mtoto.

Dada yako, anayekupenda hata anapokosea,
Speciosa